Mdogo wangu, kuja Uingereza hakutautuliza moyo wako

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeusoma na nimekasirika, ila sijakukasirikia wewe. Umeniandikia kwamba usiku moyo unakwenda mbio mpaka unakaa kitako kitandani, vidole vinakufa ganzi, kifua kinabana, koo kama lina kitu. Na kwamba mjomba kakaa barazani akasema dawa yako ni kuja huku kwa dada yako, maana Uingereza watu hawana mawazo na hospitali ni bure. Nani kamwambia mjomba maneno hayo? Hayo yote uliyoyataja, mimi yamenianzia huku huku. Nilipokuwa Chikongola, huko Mtwara, sikuyajua.

Habari za baridi na giza la saa kumi jioni umeshazisikia kwa wengine, sizirudii. Nataka nikueleze hili la mwili, jinsi hofu inavyoushika, kwa sababu hakuna anayelisema. Tukipiga picha tunasimama penye maua.

Kazi yangu ni kulea wazee, zamu ya usiku. Usiku mmoja nasukuma toroli la dawa, moyo ukaanza kudunda bila sababu. Midomo ikawasha, miguu ikaisha nguvu, vidole vikajikunja kama makucha ya kaa na nikashindwa kuvinyoosha. Nilijua nakufa na mwanangu sitamwona tena. Likaja gari la wagonjwa, hospitali wakaniwekea nyaya kifuani wakapima umeme wa moyo, ile ECG, wakatoa damu wakapima troponini, kitu kinachoongezeka kwenye damu misuli ya moyo ikiumia. Kila kipimo kikatoka safi. Daktari akasema moyo wako mzima, nenda nyumbani. Sikupata raha hata kidogo. Kama moyo ni mzima, hiki kilichonikaba ni nini? Wiki zilizofuata kila nikipanda ngazi najishika mkono kuhesabu mapigo. Kwenye basi nikawa nakaa karibu na mlango. Chakula hakishuki.

Sasa sikiliza penye kidonda chenyewe. Kibali changu cha kukaa nchi hii kimefungwa kwa mwajiri. Akiniachisha, au yeye akifutiwa leseni ya kuajiri wageni, kwa kawaida napewa siku 60 nitafute mwajiri mwingine mwenye leseni au nifunge virago. Kwa hiyo nilipoanza kutetemeka kazini nilimficha kila mtu. Nilikuwa naingia stoo ya mashuka, nafunga mlango, nauma taulo mpaka kipite, kisha natoka natabasamu na kumwinua bibi wa watu kitandani. Sheria haisemi kwamba ukiugua unafukuzwa nchini. Likizo ya ugonjwa ni kati ya sababu zinazokubaliwa hata kwa mwenye kibali kama changu. Nayajua hayo, nimeyasoma. Lakini mwili hausomi sheria. Meneja akisema tu "nina neno na wewe", mikono inaloa jasho kabla hajafungua mdomo.

Halafu mjomba anasema huku hakuna mawazo.

Kilichonisaidia ni mshauri. Hapa England mtu anaweza kujiandikisha mwenyewe kwa matibabu ya mazungumzo bila kupitia kwa daktari, na halipi. Foleni ilikuwa ndefu. Nilipofika kwake nilidhani ataniuliza habari za utoto. Akaniambia: pumua harakaharaka, kwa nguvu, mpaka nikwambie acha. Nikaona huyu ana wazimu. Haikupita hata dakika mbili, vidole vikaanza kuwasha, kichwa kikazunguka, midomo ikafa ganzi, kifua kikabana. Yale yale ya usiku ule! Akasema acha, pumua taratibu. Yakaondoka. Nikalia pale kwenye kiti chake, kwa sababu kitu ambacho nilikuwa nakiita kifo nilikuwa nimekileta mwenyewe na kukirudisha mwenyewe, mchana kweupe.

Alinieleza hivi, na nakueleza wewe ili usiku uwe na la kushika. Ukiingiwa na hofu, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini. Moyo unaongeza kasi, damu inakimbilia misuli mikubwa ili ukimbie au upigane, tumbo linaacha kusaga chakula. Ndicho hicho kichefuchefu chako wanachokiita vidonda vya tumbo. Unaanza kupumua haraka bila kujua. Ukipumua haraka unatoa kaboni dayoksaidi nyingi kupita kiasi, damu inabadilika, kalsiamu iliyo huru ndani yake inapungua, na mishipa ya fahamu inaanza kuwasha na kukaza vidole. Mishipa ya damu ya kichwani nayo inajibana kidogo, ndicho hicho kizunguzungu. Unahisi hewa haitoshi kumbe umevuta nyingi mno. Kisha unaziogopa hizo dalili zenyewe, hofu inaleta adrenalini nyingine, na mzunguko unaanza upya. Lakini una kilele. Mara nyingi ndani ya dakika kama 10 kinafika, kisha kinashuka, hata usipofanya chochote.

Kwa hiyo kikija usikimbie nje. Kaa. Vuta hewa kwa pua polepole, itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Legeza mabega na taya. Usipumulie kwenye mfuko, hata akikushauri nani; wewe una pumu tangu mdogo, utajiumiza. Na huyo muuza duka la dawa aliyekupa propranolo, mrudishie. Inatuliza moyo, ni kweli, ila mwenye pumu inaweza kumbana pumzi vibaya. Diazepamu, ile ya kutuliza na kuleta usingizi, ya kununua vidonge viwili viwili usiiguse. Inazoeleka, na kuiacha ni kazi kubwa kuliko hicho ulichoanza nacho.

Lakini haya yote ni baada ya vipimo. Usinisome mimi ukajiambia basi ni wasiwasi tu. Nenda hospitali ya Ligula, au Hospitali ya Kanda pale Mitengo, pima malaria, wingi wa damu, presha, sukari, homoni za thairoidi, ile tezi ya shingoni, na uulizie ECG. Upungufu wa damu peke yake unaukimbiza moyo. Thairoidi ikizidi, mtu anatetemeka na kukonda na anaambiwa ana jini. Na kama maumivu ya kifua yanakuja ukitembea au ukibeba ndoo, yanashuka mkononi au yanapanda tayani, au umezimia, hapo ni kuchukua bajaji saa hiyo hiyo, bila kuhesabu pumzi.

Mama anataka upelekwe ukapungwe. Dua simkatazi, akusomee kila jioni, mimi mwenyewe nikisikia sauti yake kwenye simu mabega yanashuka. Ila hela ya jogoo na ya ngoma isitoke mfukoni kabla hela ya kipimo cha damu haijatoka. Kwa hili sibembelezi.

Ukiambiwa vipimo safi, usitoke pale kimya kama nilivyotoka mimi. Mwambie daktari waziwazi: hali hii inanizuia kulala, kula na kwenda sokoni, na nahisi ni wasiwasi uliopitiliza. Dawa zake zipo. Mimi natumia sertralini. Ilichukua wiki kadhaa kufanya kazi, na siku za mwanzo wasiwasi ulizidi, kwa hiyo akikuandikia usiiache siku ya tatu ukasema haifai. Na hii "bure" ya mjomba: kumwona daktari silipi, ila dawa hapa England nalipa pauni 9.90 kwa kila aina anayoniandikia.

Kuhusu kuja: usije. Njia niliyopita mimi imefungwa. Tangu Julai 22, 2025 hawaajiri tena walezi wapya wa wazee kutoka nje. Anayekwambia lete milioni akutafutie kibali hicho ni tapeli, na hata awe ndugu wa damu usimpe. Kabla ya hapo, Machi 11, 2024, walishatuzuia kuja na watoto. Ndiyo maana mwanangu yuko kwa mama, na unajua jinsi anavyoniita "mama wa kwenye simu". Sitaki wa kwako akuite hivyo.

Lakini ukipata nafasi ya chuo, kwa njia ya halali, na ada imelipwa na mtu mwingine, njoo. Nitakupokea uwanja wa ndege na nitafurahi mno, maana hapa sina wa kunitazama usoni akajua sijalala. Njoo ukitafuta elimu. Ukitafuta usingizi, hauko huku. Hilo deni la pembejeo za shamba la Nanyamba utapanda nalo ndege. Afadhali ukae na shemeji mpige hesabu pamoja kabla ya mnada wa korosho, mjue malipo yakija mnalipa nani kwanza. Mimi hofu yangu kubwa ilipungua siku nilipoandika kwenye karatasi kitu gani hasa kitatokea nikipoteza kazi. Karatasi haikupendeza, lakini ilikuwa na mwisho.

Tena kunywa chai nyepesi jioni. Kahawa ya barazani iache kwa sasa, inaukimbiza moyo uliokwisha kukimbia. Tembea. Jua la huko ni lako, nenda mpaka feri ya Msanga Mkuu urudi kwa miguu hata kama moyo unadunda. Ukiacha kutoka nyumbani, hofu itakufuata mpaka jikoni.

Na mimi nina ombi, liwafikie wote. Msiniandikie "nipigie haraka" kisha mkazima simu. Nikiwa zamuni siruhusiwi kupiga, na tangu nisome maneno hayo mpaka nitakapowapata nimeshamzika kila mtu kichwani. Andikeni jambo lenyewe: mama ana homa, mtoto anadaiwa daftari, paa linavuja. Nikishajua ni paa, mwili unatulia. Wewe lakini nipigie saa yoyote, hata usiku wa manane, hata kama huna la kusema.

Hela ya vipimo naituma Ijumaa kwenye simu ya mama, na nauli ya bajaji ndani yake. Nenda Jumatatu asubuhi, shemeji akusindikize. Majibu nipigie picha yote, ukurasa kwa ukurasa, hata wakisema huna kitu.