Jibu: Kwa nini Giants walimsubiri Snell?

Ndugu, umeuliza kwa nini Giants, timu ya besiboli ya San Francisco, walimwacha mrushaji mpira Blake Snell sokoni hadi Machi 2024 wakati ametoka kushinda Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa ligi. Mimi naona walikuwa na sababu. Mwaka 2023 alikuwa mrushaji bora wa Ligi ya Kitaifa, lakini pia ndiye aliyewapa wapigaji besi za bure (kwa kurusha mipira minne nje ya eneo la kupigwa) nyingi kuliko wote, 99. Mtu wa hivyo unampaje mkataba mrefu kwa moyo mweupe? Tena alikuwa ameikataa ofa ya mwaka mmoja ya Padres, timu aliyotoka, hivyo timu ya kumsajili ingepoteza nafasi kwenye drafti, yaani zamu za kuchagua wachezaji chipukizi. Soko likapoa, wakampata kwa miaka miwili, dola milioni 62, naye akiruhusiwa kuondoka baada ya msimu mmoja.

Ila kuchelewa huko kuliwagharimu. Alikosa karibu kambi yote ya maandalizi, akaanza vibaya, akaumia. Alipokaa sawa, Agosti 2, wapinzani wao Reds walimaliza mechi nzima bila kumpiga hiti hata moja, yaani pigo la kumfikisha mpigaji kwenye besi! Halafu akaenda zake timu ya Dodgers, miaka mitano, dola milioni 182. Kwangu mimi, wangemsajili Januari.