Jeshi likishashika dola, nchi ianzie wapi kulirudisha kambini? Jibu langu kutoka Newala

Wakuu, salaam.

Ndugu aliyeanzisha uzi huu ameuliza mambo mawili. Kwanza, nchi kama Mali, Burkina Faso na Niger, ambako wanajeshi wameshika dola, zikitaka siku moja kuwarudisha kambini zianzie wapi? Pili, sisi Tanzania tumewezaje kukaa miaka yote hii bila mapinduzi, na je, tuna la kuwafundisha wenzetu? Wengi mmejibu kwa kutaja mishahara, makazi ya askari, silaha za kisasa na mafunzo. Mwingine akaenda mbali zaidi, akasema jeshi letu ni safi kiasi kwamba likabidhiwe bandari na vyama vya ushirika. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Newala, mkoani Mtwara, na niliwahi kuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona huku. Kwa maoni yangu, mageuzi ya jeshi yanaanzia kwenye ofisi za raia, na nchi inayoanza na askari peke yao inajenga nyumba kuanzia bati.

Nianze na lile la pili, maana watu wanalipamba kupita kiasi. Sisi hatukuzaliwa na jeshi tiifu. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles pale Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliwakamata maofisa wao Waingereza na kuingia Dar es Salaam. Walidai mishahara, na walidai vyeo vya juu vishikwe na Waafrika, maana uhuru ulikuwa umeingia mwaka wa tatu na amri bado zinatolewa na Wazungu. Siku ya pili yake Tabora nako wakaasi. Waziri Oscar Kambona ndiye aliyekwenda kuzungumza na waasi, Mwalimu Nyerere akiwa amefichwa. Tarehe 25 makomandoo wa Kiingereza wakashushwa kutoka meli ya HMS Centaur, wakauzima uasi ndani ya asubuhi moja. Kumwita mkoloni wa juzi aje akuokoe na jeshi lako mwenyewe ni aibu ambayo wazee wetu hawakupenda kuisimulia.

Kilichofuata ndicho cha kujifunza. Mwalimu hakulitia jeshi lile viraka, alilivunja lote. Akaomba kikosi kutoka Nigeria kishike ulinzi kwa muda, na tarehe 1 Septemba 1964 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likazaliwa chini ya Mirisho Sarakikya. Vijana wapya walichukuliwa zaidi kutoka Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Wanajeshi wakaruhusiwa kuwa wanachama wa TANU, makomisaa wa siasa wakawekwa kambini, na maofisa wakapewa nafasi kwenye chama na serikali. Ilifanya kazi, sikatai. Lakini tuitaje bei yake: jeshi lilifungwa kwenye chama, na kwa zama zile chama na nchi vilikuwa kitu kimoja. Hata hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na njama iliyowahusisha wanajeshi na raia, ikaishia kwenye kesi ya uhaini. Kwa hiyo anayesema sisi tuna damu ya upole, asome tena.

Mfumo wa vyama vingi ulipoingia 1992 ile kamba ya jeshi na chama ilikatwa kwenye karatasi. Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, ila inamwachia haki ya kupiga kura, na mwanajeshi hapo ni pamoja na polisi, magereza na JKT. Ibara nzuri. Lakini karatasi inasema mwanajeshi asifanye nini kwenye siasa. Haisemi raia asimwite mwanajeshi kufanya nini. Na hapo ndipo mkasa wetu wa korosho unapoingia.

Msimu ulipofunguliwa Oktoba 2018 bei za mnadani zilikuja chini kabisa, na wakulima wa Newala na Tandahimba wakakataa kuuza. Serikali ikavutana na wanunuzi. Novemba 10 Rais Magufuli akawaondoa Waziri wa Kilimo na Waziri wa Viwanda na Biashara, na siku mbili baadaye akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na JWTZ ndiyo itakayoisomba. Huku kwetu watu walishangilia barabarani, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Mtu wa mbali aelewe kwa nini. Mkulima alishachoka na makato asiyoelezwa, mizani inayosoma tofauti nyumbani na ghalani, na malipo yanayopungua kila karatasi inapobadilisha mkono. Jeshi lilikuwa chombo pekee cha dola ambacho hakijawahi kumpunja kilo.

Malori yalipofika ghalani kwetu vijana walishuka na kombati zao, wakapanga mstari kutoka mlangoni hadi kwenye bodi la lori, gunia likawa linapita mkono kwa mkono. Hakuna gunia lililotobolewa. Hakuna aliyeniomba soda. Aliyewaongoza alikuwa luteni kijana sana, pengine umri wa mwanangu wa kwanza, na kila lori lilipojaa alihesabu upya mwenyewe kabla ya kuweka sahihi kwenye karatasi yangu. Gunia moja lilipokuwa na utata aliamuru lishushwe, likapimwa tena mbele ya wakulima waliokuwapo, na uzito ulipokubaliwa likarudi. Kwa upande wa kubeba mzigo, sijawahi kuona kazi safi kama ile.

Kisha ikaja habari ya malipo. Mwenye zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa kuhakikiwa shamba, ili wale wa kangomba, wanaonunua kwa mkulima mwenye shida kwa bei ya kutupa, wasijinufaishe na bei ya Serikali. Nia ilikuwa njema. Lakini wengine walilipwa mapema, wengine miezi ikapita. Januari ikaingia na ada za shule, baadaye msimu wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa nao ukakaribia, na watu mkononi hawana kitu. Mzee mmoja wa kijiji jirani akaja siku ambayo luteni alikuwa amerudi kuchukua shehena ya mwisho. Stakabadhi yake alikuwa ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni. Akamwendea moja kwa moja.

"Mwanangu, korosho zangu mmezibeba. Hela yangu iko wapi?"

Luteni akavua kofia. "Babu, shikamoo. Mimi nimetumwa kubeba. Sijatumwa kulipa."

Alisema kweli tupu, na kwa adabu. Mzee akanigeukia mimi, nami nikamwambia chama safari hii hakikushika fedha. Akaenda wilayani, akaambiwa asubiri uhakiki. Akarudi kijijini kwake.

Nimeliwaza sana jibu la yule kijana. Kwenye chama, nikimpunja mzee yule kilo tano, kuna mahali pa kunibana. Anasimama kwenye mkutano mkuu, ananitaja jina, wanachama wenzake wananipigia kura na kuniondoa. Kuna mrajisi wa ushirika, kuna mkaguzi, kuna mahakama. Njia hizo ni za polepole na mara nyingi zimeoza, lakini zipo, na mkulima anazijua. Kwa mwanajeshi hakuna mkutano mkuu. Luteni anajibu kwa kapteni, kapteni kwa meja, na hivyo hivyo hadi kwa Amiri Jeshi Mkuu. Ndivyo jeshi linavyotakiwa kuwa: amri inashuka, taarifa inapanda. Jeshi ambalo luteni wake anajibu kwa kila mzee wa kijiji haliwezi kupigana vita. Kwa hiyo ukimpa kazi ya raia, hata akiifanya vizuri kuliko raia, umeikata njia ya swali. Na wale waliooza kwenye ushirika wanapata nafuu, kwa sababu hakuna anayewauliza tena. Malori yalipoondoka, makato yasiyoelezwa tuliyakuta palepale tulipoyaacha.

Sasa mkumbuke pia Mei 2013, miaka mitano kabla ya korosho. Bajeti ya Nishati na Madini iliposomwa na ikathibitika kwamba bomba la gesi linakwenda Dar es Salaam, Mtwara mjini kuliwaka, na jeshi likaingia mitaani kuwasaidia polisi. Dada yangu alikuwa anaishi Magomeni pale mjini. Alikaa ndani na watoto kwa hofu, na hadi leo akiona kombati anahamia upande wa pili wa barabara. Wakati ule ule wanajeshi wanne walikufa kwa ajali ya gari Nachingwea wakiwa njiani kuja Mtwara, nao walikuwa watoto wa watu. Mkoa mmoja, jeshi moja: 2013 tulilikimbia, 2018 tukalishangilia. Mara zote mbili lilitumwa kujaza pengo la raia walioshindwa kuzungumza. Swali la gesi lilikuwa la kujibiwa na mbunge, waziri na halmashauri, tena mapema, wakati watu bado wanaandamana kwa amani kama walivyoanza.

Kuna jambo jingine la huku ambalo halizungumzwi. Tangu 2021 ofisi ya mkuu wa mkoa wetu imeshikwa na maofisa wa jeshi mfululizo: Brigedia Jenerali Marco Gaguti, Kanali Ahmed Abbas Ahmed, kisha Kanali Patrick Sawala. Sina neno dhidi ya yeyote kati yao. Sababu naielewa: Oktoba 2020 magaidi kutoka Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, walishambulia kijiji cha Kitaya na kuua watu, na tulilala tukisikiliza. Mpaka unahitaji mtu anayejua ulinzi. Ila mkuu wa mkoa ndiye pia mwenyekiti wa vikao vya korosho, shule na zahanati. Hali ya dharura ikizoeleka kwenye kiti hicho, kizazi kinachokua sasa kitadhani ndivyo mkoa unavyoongozwa.

Indonesia walifika mbali kwa njia hiyo hiyo. Chini ya Rais Suharto jeshi lilikuwa na kazi mbili kisheria, ulinzi na siasa, na maofisa walikuwa magavana na wabunge wa kuteuliwa. Alipoanguka 1998 wakaanza kuchambua moja moja: polisi wakatenganishwa na jeshi 1999, viti vya jeshi bungeni vikafutwa 2004, na sheria ya mwaka huo ikaagiza biashara za jeshi zichukuliwe na serikali. Kazi ya miaka. Na Machi 2025 bunge lao limepitisha marekebisho yanayowafungulia tena wanajeshi nafasi zaidi za kiraia. Nigeria, Rais Obasanjo alikata mapema: alipoapishwa 1999 aliwastaafisha kwa mkupuo maofisa 93 waliowahi kushika vyeo vya kisiasa, ili mwanajeshi aliyeonja ikulu asirudi kuamrisha kikosi. Kwa ndugu wa Mali na wenzao, hilo la Obasanjo ningelitaja la kwanza kwa upande wa askari.

Lakini jirani yetu Msumbiji anatufundisha kitu ambacho mishahara na kustaafisha havitibu. Wamakonde tuna ndugu pande zote mbili za Ruvuma, kwa hiyo hili si la kusoma tu. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kilifundisha wapiganaji wake Nachingwea, na pale Naliendele kuna makaburi ya wanajeshi wetu waliokufa kwa ajili ya Msumbiji. Mkataba wa Roma wa Oktoba 1992 ulitaka jeshi jipya la watu 30,000, nusu kutoka serikalini na nusu kutoka RENAMO, waasi waliokuwa wakipigana na serikali. Waliojitokeza walikuwa kama 12,000. Watu walichoka na vita, walitaka kwenda kulima. Jeshi likabaki dogo na lenye njaa, nguvu ikahamia kwa polisi wa kutuliza ghasia, na RENAMO ikabaki na watu wenye silaha ambao kambi yao ya mwisho ilifungwa Juni 2023. Wakati huo huo Cabo Delgado, mkoa wao wa kaskazini unaopakana nasi, haikuwa na mahakama inayoaminika wala ofisi ya ardhi inayosikiliza. Oktoba 2017 vijana wenye silaha walipovamia Mocímboa da Praia, jeshi halikuweza kupigana, na raia hawakuwa na wa kumwamini. Ikabidi Rwanda na nchi za SADC, sisi tukiwamo, zipeleke askari 2021.

Kwa hiyo ndugu mleta uzi, watawala wa Mali kule Bamako wakiniuliza, kabla ya kugusa mishahara ya askari ningewataka walipe na kulinda hakimu wa wilaya, diwani na polisi wa kawaida, ili mtu mwenye kesi ya shamba asihitaji kumpenda kapteni. Kwa hapa kwetu ningetaka Kamati ya Bunge ya Ulinzi itufuate Newala na Tandahimba itusikilize, na sheria iseme wazi kwamba jeshi likipewa kazi ya kiraia, siku hiyo hiyo itajwe ofisi ya kiraia inayopokea malalamiko, jina la mhusika, na tarehe ya jeshi kuondoka.

Na ndugu uliyependekeza wanajeshi wakabidhiwe vyama vya ushirika: mwanachama akipunjwa, ataitisha mkutano gani, na nani atalazimika kuhudhuria?