Aliyenyongwa kabla ya Mahenge

Swali lenu la wiki hii linauliza tukio la kihistoria linaiumbaje fasihi inayoandikwa kulihusu. Nitajibu kwa tarehe moja iliyonisumbua tangu nikiwa shule.

Kinjeketile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya kugeuza risasi za Wajerumani, alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905. Vita vya Majimaji ndiyo kwanza vilikuwa vinapamba moto. Wiki chache tu zilikuwa zimepita tangu watu wa Umatumbi wang'oe pamba ya serikali. Boma la Mahenge lilishambuliwa tarehe 30 Agosti, na bombomu, yaani bunduki za mashine za Wajerumani, ziliwafyeka watu waliokuwa wamenyunyiziwa maji yale. Kwa hiyo aliyeitoa ahadi hakuiona ikivunjika.

Sasa fungua tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969. Humo yu hai baada ya Mahenge. Yumo gerezani, ameteswa, na Kitunda, mpiganaji mwenzake, anamsihi akiri kwamba maji yalikuwa uongo ili mateso yaishe. Anakataa, maana akikiri leo, kesho Wajerumani watawaambia watoto wetu kwamba babu zao walikosea kupigana nao.

Nikiwa mwanafunzi nilidhani mwandishi amekosea tarehe. Kumbe kwenye utangulizi ameshasema kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia. Alimuongezea mtu wake umri ili aje alikabili deni lake. Mwaka 1905 swali lilikuwa maji yatafanya kazi au la. Mwaka 1969, nchi ikiwa huru na ikitafuta mizizi ya uhuru huo, swali likawa jingine: kama maji yalikuwa uongo, je, na umoja uliozaliwa nayo ulikuwa uongo? Jibu langu kwenu basi ni hili: tukio humpa mwandishi wafu wake, lakini kauli za wafu hao hutoka katika mwaka anaoandika.

Aliye karibu na tukio huandika vingine kabisa. Hemedi bin Abdallah el-Buhry alitunga utenzi kuhusu Wadachi, yaani Wajerumani, kuitamalaki pwani ya Mrima, zama za Abushiri na Bwana Heri waliowapinga, na vita vyenyewe alikuwa ameviona. Hapo ni nani kaja, nani kajibu nini, nani kakimbia. Hana nafasi ya kuuliza maana. Moshi bado uko machoni. (Mimi nikitaka kujua watu waliogopa nini, namsoma yeye kwanza, wanahistoria baadaye.)

Kuna jambo dogo ndani ya Kinjeketile ambalo darasani tulilipita mbio. Akiwa amepagawa, anatangaza kwamba Wajerumani wakishaondoka tutakuwa watoto wa Seyyid Said. Seyyid Said mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1856, na kwa mtu wa bara ya kusini wakati ule huenda jina lile lilimaanisha tu enzi kubwa kuliko ya Mdachi. Lakini watazamaji wa 1969 walilisikia miaka mitano tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar yaliyomwondoa sultani. Sentensi kama hiyo isingeweza kupita kimyakimya. Na kweli haipiti: Kinjeketile anapozinduka na kuambiwa alichokisema, ndipo anapoanza kumshuku Hongo, yule pepo aliyempagaa.