Jibu: "Although" na "but" kwenye sentensi moja

Salama mkuu. Umeuliza kwa nini mwalimu kakata "but" kwenye "Although it rained, but we went to the farm". Kiswahili kimetuzoesha "ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda shamba", na sikio halikatai. Kiingereza kinataka kiunganishi kimoja kwa vishazi viwili. Chagua: "Although it rained, we went" au "It rained, but we went". Ukianza na "Because I was sick", vilevile usitie "so" mbele ya "I stayed home".

Kwanza hesabu vitenzi vyenye wakati. Hapo ni "rained" na "went", viwili, basi kiunganishi ni kimoja. (Vitabu vya zamani vina "although... yet". Si kosa, ila wewe achana nayo.)

"Despite" haibebi kishazi: andika "Despite the rain", si "Despite it rained". Wengi wanaponea hapo halafu wananaswa na "however". Maana yake ni ya "but", lakini koma peke yake haitoshi kabla yake. Weka nukta au nukta mkato, kisha koma baada yake: "It rained; however, we went."