"Yes" Peke Yake Haitoshi: maswali yenu kuhusu mitihani ya Kiingereza

Barua za mwezi huu karibu zote zinazungumzia jambo moja. Si mtihani wa shuleni wa kujaza nafasi zilizo wazi. Ni ule anaopewa mtu mzima aliyehamia Marekani au anayetaka kwenda Uingereza, kumpima kama anaweza kupiga soga na jirani na kusoma tangazo lililobandikwa mlangoni. Mimi nafundisha watu wazima, na pia huwa naketi upande wa pili wa meza, upande wenye kalamu. Nitajibu nikiwa huko.

Jambo mwalimu. Nilienda kujiandikisha darasa la Kiingereza. Dada mmoja akaniuliza maswali kwa mdomo. Yote niliyaelewa, yote nikayajibu. Halafu nikawekwa pamoja na wanaoanza kabisa. Je, alinidharau? (Mama wa watano, Grand Rapids)

Jambo sana mama. Hakukudharau, na nakuamini kwamba hukukosa hata swali moja. Ila nikuulize: alipotaka kujua kama una watoto, ulijibuje? Kama ulisema "Yes" ukanyamaza, mikono mapajani, basi tumeshampata mchawi wetu.

Kwa unavyoeleza, huenda ulifanya BEST Plus au mwingine wa jamii hiyo. Asili yake ni mtihani uliotungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kituo cha isimu cha Washington kiitwacho Center for Applied Linguistics, wakati wakimbizi wa Vietnam, Laos na Kambodia walipokuwa wakiingia Marekani kwa maelfu. Msaili anakuuliza mambo ya kawaida: nyumbani, kazi, hali ya hewa, dukani. Kila jibu lako analipima kwa mizani tatu. Umelielewa swali? Unaeleweka? Na ya tatu, ambayo ndiyo hutuangusha: umejibu kwa upana gani? Neno moja lina alama yake, sentensi nzima ina zaidi, na sentensi iliyoongezewa maelezo ina zaidi ya hapo. Tena ukifanya kwa kompyuta, swali linalofuata linategemea ulivyojibu lililopita. Ukibana maneno, mashine inakuletea maswali mepesi, nawe unazidi kujibu kwa ufupi, na mazungumzo yanakwisha kabla hujaonyesha ulichonacho.

Sisi tumelelewa kwamba mbele ya mkubwa mtu hujibu alichoulizwa, basi. Anayeongeza huitwa mdomo mrefu. Na wengi wenu mmepita kwenye mahojiano ya ukimbizi, katika kambi za Nyarugusu au Nakivale, mwaka baada ya mwaka, ambako neno la ziada likigongana na lile la mwaka juzi faili linasimama. Mtu aliyetoka huko ameshajifunza kumeza maneno. Halafu anafika hapa, anakuta kuyameza ndiko kunakomshusha.

Niliwahi kumsaili mzee mmoja wa Fizi. Nilimuuliza kwao alikuwa akifanya kazi gani. "Fish," akasema, akatulia. Nikasubiri, maana sisi wasaili haturuhusiwi kumchombeza mtu. Hakuongeza kitu. Tulipomaliza nikamsindikiza hadi nje, na pale tukingoja basi akafunguka mwenyewe, kwa Kiingereza: "In night we go, with lamp. Small fish see light, he come. Many, many! We put net, we pull, cold, very cold." Mikono yote miwili ilikuwa inavuta wavu. Kiingereza chake kilikuwa na matundu, lakini niliiona ile taa juu ya maji ya Tanganyika. Alama hizo zote alikuwa nazo mfukoni na mle chumbani hakuzitoa. Fomu ilikuwa imeshafungwa.

Kwa hiyo mama, mtihani ujao kila jibu lipe ndugu wawili. "Yes, I have five. Two big, they work. Three go to school, the small one is sick today." Kuna makosa humo? Yapo. Yaache. Na omba kuzungumza na mwalimu wa darasa lako. Akikusikia ukiongea wiki mbili tatu, mara nyingi ana uwezo wa kukuhamisha.

Mimi nilimaliza sekondari Uvira, nina diploma ya serikali, nimesoma fasihi ya Kifaransa. Hapa nimepewa mtihani wa kusoma kibandiko cha chupa ya dawa, na nimefeli. Huu si utani? (Kijana, Dallas)

Pole kijana. Si utani, ingawa naelewa kinavyouma.

Mitihani ya kusoma ya watu wazima Marekani, kama ile ya CASAS iliyoanzia California mwaka 1980, imejaa makaratasi ya maisha: ratiba ya basi, tangazo la kazi, barua ya mwenye nyumba, karatasi ya mshahara. Swali lina majibu ya kuchagua. Na wasomi ndio huteleza, kwa sababu wanajibu kwa wanayoyajua badala ya yaliyoandikwa pale.

Chukua chupa hiyo hiyo. "Take 1 tablet by mouth every 8 hours with food. Refills: 2." Wanauliza: kwa siku utameza vidonge vingapi? Namba tatu haikuandikwa popote. Unaitafuta mwenyewe, saa 24 kwa 8. Na ile 2 ya mwisho wengi huidhania vidonge viwili, kumbe ni mara ambazo duka la dawa litakujazia tena bila kurudi kwa daktari. Mtu anaweza kuchambua ushairi na bado akameza dozi mbili.

Kuna mitego miwili mingine ambayo haina uhusiano na Kiingereza. Wa kwanza ni saa. Sisi tuliozoea kuhesabu kuanzia mapambazuko tukiona 9:00 a.m. kichwa kinasema saa tatu, na mkono, kwa haraka, unachagua jibu lenye 3:00. Wa pili ni tarehe. Marekani hutanguliza mwezi: 03/04 ni tarehe 4 Machi, wala si tarehe 3 Aprili. Mwanafunzi wangu mmoja alikosa randevu ya hospitali kwa hilo, akaja mwezi mzima baadaye amevaa suti.

Beba barua zinazoingia kwenye sanduku lako la posta kama daftari la mazoezi. Hata zile za matangazo ya pizza.

Nimesoma saa nyingi, nimepimwa tena, alama zimeshuka! Na kwa nini wanatupima kila mara? (Mwanafunzi wa jioni, Louisville)

Kwa sababu ya fedha. Madarasa mengi ya bure yanalipiwa na serikali kuu chini ya sheria ya mwaka 2014 iitwayo WIOA, na shule inatakiwa kuonyesha kwamba wanafunzi wanapanda. Kuna ngazi sita za Kiingereza, kuanzia asiyejua kusoma kabisa hadi wa juu. Ndiyo maana baada ya idadi fulani ya saa, mara nyingi kati ya 40 na 100 kutegemea mtihani, mnakalishwa tena.

Kushuka kidogo si ajabu. Ulitoka kazini saa ngapi siku hiyo? Mtu aliyesimama kiwandani kwa muda wa saa kumi, akaja kusoma vifungu kwenye skrini usiku, hapimwi Kiingereza peke yake, anapimwa pia uchovu. Omba mtihani ujao uwe siku yako ya mapumziko. Shule nyingi hukubali, maana zenyewe zinataka upande kuliko unavyotaka wewe.

Mwalimu, huwezi kutupatia maswali tukayakariri? (Kundi la vijana watatu)

Ya darasani, hapana. Yanafichwa, na hata nikiwapa hayatawasaidia: mkariri jibu husikia swali la pili likigeuzwa kidogo, akajibu la kwanza.

Ya uraia wa Marekani ni hadithi nyingine. Hayo serikali yenyewe imeyaweka wazi. Aliyepeleka ombi lake kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 ana maswali 128 ya kusoma, ya historia na serikali. Ataulizwa hadi 20 na anahitaji kupata 12. Aliyepeleka kabla ya hapo yuko kwenye utaratibu wa zamani, maswali 100, kuulizwa hadi 10, kupata 6. Kiingereza chenyewe ni kifupi: unasoma kwa sauti sentensi moja sawasawa kati ya tatu, unaandika moja kati ya tatu, na msamiati wake umechapishwa. Kuzungumza ndiko hakuna orodha, kwa sababu unapimwa wakati afisa anapitia fomu yako. Hapo watu hukwama kwenye maneno ya fomu, si kwenye jina la rais wa kwanza. Ukiangushwa sehemu moja unapewa nafasi moja zaidi, kati ya siku 60 na 90, kwa ile sehemu tu.

Bibi yangu ana miaka 67, tulifika mwaka 2016, hajawahi kushika kalamu. Anasema atafia bila uraia. Kuna msamaha? (Mjukuu, Boise)

Mpe bibi shikamoo yangu. Msamaha wa Kiingereza upo, lakini unahesabu umri pamoja na miaka ya ukazi wa kudumu: miaka 50 ya umri na 20 ya ukazi, au 55 na 15. Kwa aliyeingia kama mkimbizi, kadi ya kijani kwa kawaida huandikwa tarehe ya kuingia nchini, kwa hiyo hesabu yenu inaanzia 2016. Bibi atatimiza 15 mwaka 2031. Hapo atafanya maswali ya uraia kwa Kiswahili, na mkalimani kando. Akifikisha ukazi wa miaka 20 akiwa na umri wa miaka 65 au zaidi, anasoma maswali 20 tu.

Njia ya pili ni fomu N-648, inayojazwa na daktari kwa mtu mwenye ugonjwa au ulemavu unaomzuia kujifunza. Uzee peke yake hautoshi, wala kutojua kusoma. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanapita majumbani wakiuza fomu hiyo ikiwa imeshajazwa. Msinunue. Uongo kwenye karatasi ya uhamiaji unamfuata mtu hata akishaapa.

Na msimwache nyumbani akisubiri 2031. Ile ngazi ya kwanza kati ya sita imewekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Nimeona mama wa miaka 70 akiandika jina lake mara ya kwanza, herufi ya mwisho ikaangukia mezani kwa sababu karatasi ilikuwa imekwisha.

Assalaam alaykum. Niko Mombasa, mume wangu yuko Leicester. Naambiwa nifanye IELTS. Rafiki yangu aliifanya, akaandika insha hadi mkono ukafa ganzi. Na mimi insha siwezi. (Bi harusi)

Waalaykum salaam mwanangu, na hongera. Tulia, wewe huhitaji ile ya rafiki yako. Ile ni ya chuo na kazi. Kwa viza ya mke, kwa kanuni zilizopo, hatua ya kwanza ni ngazi A1, ya chini kabisa, na kuna mtihani wake uitwao IELTS Life Skills: kuzungumza na kusikiliza tu, chini ya dakika 20, unafaulu au hufaulu. Hakuna insha. Ila hakikisha kituo unachojiandikisha kimo katika orodha ya serikali ya Uingereza, na chapa ya mtihani ni ile ya viza, kabla hujalipa shilingi moja. Ukifika huko na kuomba kuongeza muda, watakudai A2.

Usishtuke ukiingia ukakuta mtahiniwa mwenzako. Mnafanya wawili mbele ya msaili mmoja, na kuna mahali mnaongea ninyi kwa ninyi. Muulize naye swali. Akikwama usimwache akizama huku ukiendelea na hotuba yako, maana kuitikia na kuuliza ndiko kunakopimwa. Mwambie shoga yako aje alasiri mnywe chai, mzungumze Kiingereza cha bei za samaki na mipango ya Jumapili. Hicho ndicho hasa.

Lafudhi yangu ni nzito. Watanikata? (Dereva, Kentucky)

Hawakukati kwa lafudhi. Wanakukata wasipokuelewa. Kiswahili chetu kina irabu tano tu, kwa hiyo "live" na "leave" kwetu ni pacha. Ukisema unaishi hapa, mwenzako anasikia unaondoka. Vuta ya pili, kata ya kwanza. Na "fifteen" na "fifty" uzipigie mazoezi kabla hujajadili kodi ya nyumba.

Mtihani ni keshokutwa. Nijiandae na nini? (Mama mwingine, Grand Rapids)

Kitambulisho. Mtu wa kukaa na mtoto. Usingizi. Na miwani, mama. Mwaka jana nilimpa karatasi baba mmoja akaitazama dakika nzima, akaniambia hajui kusoma. Nikaandika hivyo. Alipokuwa akiondoka alisimama mlangoni, akatoa miwani ya kusomea mfukoni mwa koti, akaivaa, akasoma kwa sauti tangazo la zimamoto ukutani, lote.

Nikamrudisha kitini.