Usiupime Mpira Mpya kwa Mpira wa Zamani

Juzi usiku msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nimenunua trekta lililotumika, lina kijiko cha mbele. Leo mpira mmoja wa haidroliki umepasuka. Nibadilishe huo mmoja au yote?" Nilimjibu kwa neno moja: yote. Kisha nikabaki na simu mkononi. Nilijua neno moja halitamtosha, kwa sababu hata mimi niliwahi kuambiwa neno hilo hilo na sikulisikia.

Kijiko changu nilikinunua kikiwa na mipira minane, yale mabomba yanayopeleka mafuta yenye presha kwenye silinda. Aliyeniuzia alinionyesha miwili iliyong'aa pale mbele, kwenye silinda za bakuli, akasema mipira ni mipya. Sikuinama kutazama ile sita iliyopita ndani ya mikono ya kijiko na chini ya fremu. Ningeinama ningesoma, maana umri wa mpira mara nyingi huandikwa ubavuni mwake. Mmoja ulikuwa na alama 3Q03, yaani ulitengenezwa robo ya tatu ya mwaka 2003. Ngozi yake ilikuwa na nyufa kama tope lililokauka, na karibu na fitingi, kile kichwa cha chuma cha kuungia, ulikuwa umetuna, kwa sababu kutu ilishaanza kula waya za ndani. Hayo yote niliyaona baadaye, mpira ukiwa umelala mezani umepasuka.

Ulipasuka mikono ikiwa juu. Nilikuwa nimebeba samadi, bakuli limejaa, nasogea kwenye tela nimwage. Nikasikia mlio kama wa tairi, na kabla sijaugusa wenzo mikono ikaanguka. Mafuta yaliyofungiwa chini ya pistoni ya silinda ya kunyanyua ndiyo yanayoubeba mzigo. Yakipata njia ya kutoka, na kijiko hakina valvu ya kuyazuia pale pale kwenye silinda, hakuna kingine cha kuushika. Mpwa wangu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, ameshika koleo, anangoja nimwage asawazishe. Hakuguswa. Ni miaka sasa, na bado nikiinua mikono ya kijiko macho yangu huenda kwanza mahali pale alipokuwa amesimama.

Ungedhani baada ya siku hiyo nilibadilisha yote. Nilibadilisha mmoja. Nikajiambia ile mingine bado inafanya kazi, pesa zina mahali pengine pa kwenda. Sitawachosha na miezi iliyofuata. Ilipasuka mitatu zaidi, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mara nikamwaga mafuta ardhini, nikaacha kazi katikati, nikaingiza vumbi kwenye mfumo ambao hautaki hata chembe ya mchanga. Mipira iliyofungwa siku moja, ikachomwa na jua moja na kubeba presha moja, huchoka pamoja. Wa kwanza ukipasuka, ujue umeleta habari za wenzake.

Lakini kosa lililoniumiza zaidi si hilo. Kila mpira ulipopasuka niliufungua, nikaupeleka kwa fundi anayebana fitingi, nikamwambia: nitengenezee kama huu. Nani angefanya vingine? Mpira wa zamani ndio ulikuwa kwenye mashine, basi ndio kipimo. Sikujiuliza ni nani aliyeufunga, na kama alijua alichokuwa anafanya. Trekta lililotumika limepita mikononi mwa watu, na kila mmoja ameacha haraka zake humo. Ukinakili mpira wa zamani unanakili na haraka hizo.

Mpira wa kwanza wa namna hiyo ulikuwa mfupi. Ulikuwa mfupi tangu kwa mwenye kijiko aliyenitangulia, nami nikaunakili sentimita kwa sentimita. Bakuli likiinama lote kumwaga, mpira ulikuwa unavutwa hadi unanyooka, na mvuto wote unaishia pale fitingi ilipobanwa. Haukumaliza mwezi mzima. Nilirudi kwa fundi nimekasirika, naye akanijibu kwa upole, "Mzee, nimekata kama ulivyoniletea." Alikuwa na haki kabisa, na nilimwomba radhi.

Wa pili ulikuwa wa daraja la chini. Mpira wenye safu moja ya waya, ulioandikwa SAE 100R1, ukiwa wa nusu inchi, unabeba presha ya kazi ya takriban 2,300 psi, yaani pauni kwa kila inchi ya mraba. Wenye safu mbili, 100R2, wa upana ule ule, unabeba takriban 4,000. Valvu ya usalama ya kijiko changu imepangwa 2,500. Kwa hiyo aliyefunga R1 pale aliufanya mpira ubebe zaidi ya uwezo wake kila silinda ilipofika mwisho. Haukupasuka siku ile ile kwa sababu mipira hii hutengenezwa iweze kuvumilia hadi mara nne ya presha ya kazi ikiwa mipya. Akiba hiyo imewekwa kwa ajili ya mishtuko na uchakavu, na ukiitumia kama uwezo wa kila siku inaisha kimyakimya. Nami nilifunga R1 nyingine, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa R1.

Wa tatu ndio ulionigharimu valvu, na huu bado unaniuma. Safari hii nilikwenda kwa fundi mwingine. Upande wa valvu fitingi ilikuwa nusu inchi ya BSP, kipimo cha Kiingereza, nyuzi zake za kukazia zimenyooka, na kinachozuia mafuta ni ringi. Alinipa nusu inchi ya NPT, kipimo cha Kimarekani, ambayo nyuzi zake huenda zikinenepa. Nilipomuuliza mbona hazifanani alisema, "Zote nusu inchi, zinaingiliana." Kwa bahati mbaya ni kweli zinaingiliana kidogo: zote zina nyuzi 14 kwa inchi, ila pembe ya nyuzi ni digrii 55 kwa moja na 60 kwa nyingine. Iliingia mizunguko michache ikagoma. Ilivuja, nikakaza. Ikavuja tena, nikavika bomba kwenye mpini wa spana, nikakaza tena. Fitingi inayonenepa ukiisukuma ndani ya chuma cha kusubu hufanya kazi ya kabari. Valvu ikapasuka. Nilipomrudia yule fundi alisema mbele ya wateja wake kwamba nina mikono ya kuponda kokoto. Kukaza kupita kiasi nilikaza, sikatai. Lakini nilikuwa nimemuuliza, naye alikuwa na jibu mkononi mwake akaniambia zinaingiliana. Sikurudi kwake tena.

Basi nikaamua. Nikaegesha trekta, nikatoa mipira yote minane, nikaanza upya kana kwamba hakuna aliyewahi kukifunga kijiko kile. Naomba uanzie hapo hapo, usingoje kufika nilipofika.

Kabla hujafungua hata nati moja, pima. Kama mipira bado inafanya kazi, chukua bomba la bei nafuu la kumwagilia lenye unene unaokaribiana, lifunge kando ya mpira wa zamani toka fitingi hadi fitingi, kisha mwenzako aendeshe wenzo taratibu, mikono ipande na kushuka, bakuli likunjwe na kumwagwa, wewe ukitazama kwa mbali. Utaona linapovutwa, linapokunjika na linapobanwa kati ya mkono na fremu. Mpira ukipata presha unaweza kufupika hadi asilimia 4, yaani sentimita 4 kwa kila mita, kwa hiyo acha nafasi. Na usiukunje kupita kiasi: wa R2 wa nusu inchi unataka nusu kipenyo cha mkunjo kisichopungua milimita 180. Kwangu mipira mitatu kati ya minane ilitoka na urefu tofauti na ile ya zamani. Mitatu kati ya minane!

Kisha shusha bakuli hadi liguse ardhi, zima injini, na usogeze wenzo pande zote mara kadhaa ili presha iliyobaki itoke. Injini kuzimwa hakumaanishi presha imeisha. Kama ni lazima mikono ikae juu, iwekee kizuizi cha chuma kwenye silinda, kile kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Tofali na gogo hapana. Nakusihi hili nikimkumbuka mpwa wangu.

Weka alama kila mpira na kila tundu, utepe wa rangi unatosha, na upige picha. Ukikosea miwili, wenzo utashusha pale ulipotaka kupandisha, na utaligundua hilo injini ikiwa inanguruma. Kila tundu unalolifungua lizibe papo hapo, hata kwa mfuko safi wa plastiki.

Kwa fundi usiende na mpira peke yake. Nenda na kile kipande ambacho mpira unaingia, kama kinafunguka, ili zifungwe pamoja kwa mkono mbele yako. Koni ya JIC, aina ya fitingi inayoziba kwa koni kulalia koni, ni digrii 37, na kuna nyingine ya digrii 45 ambayo katika upana fulani nyuzi zake ni zile zile: nati inapanda vizuri, inakaza vizuri, lakini koni hazilali pamoja na mafuta yanapita. Mwambie asome maandishi, apime nyuzi, atazame koni. Fundi mzuri hatakasirika. Anayekasirika ukimuuliza, chukua vitu vyako uondoke. Na kabla mpira haujabanwa fitingi, hakikisha umesafishwa ndani, maana kuukata kunaacha unga wa mpira na chuma.

Wakati wa kufunga tumia spana mbili, moja ishike fitingi, nyingine ikaze nati, la sivyo unaupinda mpira wenyewe. Mstari wa maandishi ubavuni ukienda kama kamba iliyosokotwa, fungua, anza tena. Utepe mweupe wa mafundi bomba usiuweke kwenye koni wala kwenye fitingi yenye ringi. Nyuzi hizo hazizuii kitu, na vipande vyake huenda kukaa kwenye valvu.

Kutoa upepo ni rahisi: injini polepole, silinda itoke na kurudi mara kadhaa bila mzigo, kisha mikono ikiwa chini ukague mafuta na kuongeza aina ile ile. Matrekta mengi kijiko hunywa mafuta ya gia, soma kitabu chake kwanza.

Ukitafuta mvujo tumia kipande cha katoni. Mkono usipeleke kamwe, hata wenye glavu. Tundu lisiloonekana kwa macho linaweza kurusha mafuta yakapenya ngozi, na jeraha lake ni kadoa kama ka sindano ambako utakadharau. Ndani nyama inaanza kufa. Hiyo ni ya hospitali saa hiyo hiyo, na umwambie daktari waziwazi kwamba ni mafuta ya presha kubwa, kwa sababu mtu huweza kupoteza kidole au mkono kwa kungoja hadi kesho.

Kwa ndugu yangu aliyeniandikia: yote, ndiyo. Lakini kabla hujaenda dukani nitumie picha tatu: maandishi ya ubavuni mwa huo uliopasuka, fitingi zake zote mbili kwa karibu, na matundu ya valvu unakoingia. Na huo mpira wa zamani usiutupe, ila usimwambie fundi yeyote akutengenezee kama huo.