Maswali ya Wasomaji: Kidonda Kikauke au Kifunikwe?

Swali: Namuuguza mama nyumbani. Ana kidonda kisichoshonwa mguuni. Wapo wanaonishauri nikiache wazi kipigwe na upepo, wengine wanasema nikisafishe kwa spiriti kila asubuhi. Nikifungua bendeji naona nyama nyekundu inayovuja damu nikiigusa tu, na utando wa manjano. Huo ni usaha?

Jibu: Pole kwa kuuguza. Kifunike, na spiriti iweke mbali. Seli za ngozi mpya huanzia ukingoni zikatambaa kuelekea katikati, na zinahitaji unyevu ili zipite. Kidonda kikikauka, kigaga huziba juu nazo hulazimika kupenya chini yake. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa majeraha mepesi ya nguruwe, kwamba yaliyofunikwa yakabaki na unyevu yaliota ngozi upesi takriban mara mbili kuliko yaliyoachwa wazi. Lakini unyevu usizidi: ngozi ya pembeni ikiwa nyeupe na kukunjamana, badilisha gozi (kitambaa laini cha kufunikia kidonda) mapema zaidi.

Spiriti huua vijidudu, na huua pia seli zinazojenga nyama mpya. Haidrojeni peroksaidi, dawa nyingine ya kuua vijidudu, nayo ni hivyo hivyo.

Hiyo nyama nyekundu yenye vichembe vichembe ni habari njema. Imejaa mishipa midogo ya damu iliyoota juzijuzi, ndiyo maana huvuja kwa urahisi. Usiisugue. Gozi ikigandia, ilowanishe kwa maji ya chumvi mpaka iachie yenyewe. Ukiivuta kavu unang'oa kazi ya siku kadhaa.

Utando wa manjano ulioshikamana na kidonda mara nyingi ni tishu zilizokufa. Usaha ni majimaji mazito, na mara nyingi hunuka. Cha kukutia wasiwasi ni joto na uvimbe unaosambaa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, harufu ambayo jana haikuwepo, au homa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huweza kufichika, kwa hiyo tumia mgongo wa mkono wako kulinganisha joto la pembeni mwa kidonda na la mguu wa pili. Chora mstari wa kalamu penye mwisho wa uvimbe. Uvimbe ukivuka mstari huo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kama ana kisukari, usisubiri mstari.

Swali: Maji ya chumvi yanachanganywaje?

Jibu: Ya hospitali yana gramu 9 za chumvi kwa lita 1. Nyumbani, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, katika nusu lita ya maji, chemsha, kisha yafunike yapoe mpaka yawe vuguvugu. Yakibaki, mwaga, kesho tengeneza mengine.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Nikivaa glavu, bado nina haja ya kunawa?

Jibu: Ndiyo, kabla ya kuvaa na baada ya kuvua. Glavu huweza kuwa na vitundu visivyoonekana, na mikono huchafuka wakati wa kuzivua. Sabuni na maji ni sekunde 40 hadi 60. Dawa ya mikono yenye alkoholi, 20 hadi 30, mradi mikono haina uchafu unaoonekana.

Wengi huharibu katikati ya kazi: wanatoa bendeji chafu, kisha kwa glavu zile zile wanashika gozi safi. Ukishatoa bendeji, tupa glavu, safisha mikono, vaa nyingine. Kila gozi ni mpanguso mmoja, kisha itupe. Kwenye mshono safi, anza juu ya mshono wenyewe, halafu ndipo uende pembeni, usije ukaingiza vijidudu vya ngozi ndani. Wodini, anza na wenye mishono safi. Mwenye usaha awe wa mwisho.

Mgonjwa akiruhusiwa, mweleze dalili za hatari yeye na anayemuuguza. Maambukizi ya mshono huweza kujitokeza hadi siku 30 baada ya upasuaji, na akiwekewa kifaa mwilini, hata baadaye.